Tundu la Nne

Thelma Raine hakuhitaji kuombwa mara mbili atoe maoni yake, na kwa habari ya sarafu hakuhitaji kuombwa kabisa. Ukimwonyesha shilingi ya Malkia Victoria uliyoachiwa na bibi yako, ukidhani umekalia utajiri, aliigeuza upande huu na upande huu, kisha akakurudishia. "Ya zamani, ndiyo," alisema. "Adimu, hapana. Hata mimi ni wa zamani, na wa aina yangu wamejaa tele pale sokoni." Wengi waliondoka wamenuna. Wachache waliovumilia ndio waliounda klabu ya sarafu ya Crook, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, iliyokutana Jumanne moja kila mwezi katika ukumbi wa kanisa la Wamethodisti, penye hita inayonguruma na chai nyepesi isiyo na haya.

Alizaliwa ghorofani, juu ya bucha ya baba yake, Wilf, enzi ambazo wanaume wa Crook bado walikuwa wanashuka migodini na wake zao wanapanga foleni ya soseji kila Jumamosi. Jioni, mlango ukishafungwa, Wilf alimwaga droo ya pesa juu ya meza ya marumaru na kuzifuta sarafu mafuta kwa aproni yake. Thelma alisimama juu ya kreti akaisoma kwa sauti miaka iliyogongwa juu yake, moja baada ya nyingine. Mama yake alilalamika kwamba mtoto wa kike ananuka figo. Wilf alisema heri anuke figo kuliko akose kazi ya kufanya.

"Baba, hii ni ya kale sana," mtoto alisema siku moja. "Ni ya maana?"

"Umri hausemi kitu," Wilf alimjibu. "Uliza zilitoka ngapi. Halafu uliza zimebaki ngapi. Ukishapata majibu yote mawili, ndipo uanze kurukaruka."

Hilo ndilo somo lake lote, na Thelma hakuwahi kulipunguza wala kuliongeza. Zilitoka ngapi kule zilikogongwa, hilo lilijulikana. Zimebaki ngapi, hapo ndipo penye kazi. Sarafu za fedha halisi zilisuguana mifukoni mwa wachimba makaa mpaka uso wa mfalme ukawa laini. Serikali nayo ilipoona madini ya fedha yana thamani kuliko jina lililoandikwa juu yake, ilizikusanya ikaziyeyusha kwa tani. Sarafu iliyotoka chache, ikaponea mifuko, ikaponea na moto, hiyo ndiyo adimu. Nyingine zote ni kumbukumbu tu.

Wilf alikuwa na ugonjwa wake mmoja, nao ulikuwa nusu-krauni za Mfalme Edward, yule aliyengojea kiti cha mama yake mpaka ndevu zikaota mvi. Nusu-krauni ilikuwa sarafu pana ya fedha, ya shilingi mbili na nusu, na ya Edward iligongwa kila mwaka kuanzia 1902 mpaka 1910. Wilf alikata kipande cha gogo lake la kukatia nyama lililochakaa, akachimba matundu tisa kwa mstari, moja kwa kila mwaka, na kuyatandika kitambaa cha kijani. Kisha akaweka sharti. Hakuna kununua. Duka la sarafu lipo kule Durham na lina kila kitu, alisema, lakini mtu anayenunua amenunua tu. Yao itakuja yenyewe, mkono kwa mkono, katika pesa za watu.

Na kweli zilikuja. Ile ya 1904, ambayo nayo si ya kuokota, ilikuja kwa mke wa muuza makaa, aliyekuwa ananunua utumbo na wala hakuitazama mara mbili. Matundu manane yalijaa. La nne, la 1905, lilibaki wazi, maana mwaka huo zilitoka kiduchu. Halafu mwishoni mwa 1969 serikali ikaifuta nusu-krauni isitumike tena, na masika yaliyofuata Wilf akaanguka mbele ya jokofu la nyama akafa. Hakuacha usia. Aliacha kipande cha gogo chenye tundu moja tupu, na binti wa miaka ishirini na moja mwenye kichwa kigumu.

Watu walimwambia Thelma kwamba sharti limekufa pamoja na sarafu yenyewe. Pesa ambayo haitumiki itakujaje katika pesa za watu? Mumewe, Ken, dereva wa malori ya saruji na mtu mwema sana, alijitolea kumnunulia moja kwa siri, ajifanye ameiokota njiani. Thelma hakuzungumza naye siku nzima. Ken alikufa akiwa bado analiita lile tundu "mume mwenzangu", na hawakujaliwa watoto. Thelma aliendelea na kazi yake ya kupika katika jiko la shule, akiendelea pia kungojea, na mtu asidhani alingoja amekaa.

Kwa sababu Thelma alikuwa amegundua jambo. Upande ule wa kaskazini, ukimwona mtoto mchanga kwa mara ya kwanza, humwangalii mikono mitupu. Unamtia fedha kiganjani kwa ajili ya bahati. Akiikamata sana, watu wanacheka kwamba huyu atakuwa bahili. Vikongwe wengi waliweka sarafu zao za kale kwenye makopo kwa kazi hiyo tu, kwa hiyo pesa iliyokufa benki ilikuwa bado inatembea, kutoka droo ya bibi huyu mpaka kigari cha mtoto yule. Na ikishatiwa kiganjani haichukuliwi, haibadilishwi, wala mama haendi nayo dukani. Ni ya mtoto mpaka mtoto akue aamue mwenyewe.

Ndiyo maana kwa miaka hamsini hakuna mtoto aliyezaliwa Crook asitembelewe na Thelma Raine. Watu walidhani anapenda watoto. Alikuwa anapenda watoto kiasi, lakini alipenda zaidi kuchungulia walichopewa. Akiona 1905 kwa mtoto wa fulani, alijiambia, atajua ilitoka kopo la nani, na pengine kopo hilo lina nyingine.

Mtu pekee mjini aliyekuwa na nusu-krauni ya 1905 ni Cuthbert Tallentire, postamasta wa miguu kama alivyojiita, yaani tarishi mstaafu, mwanamume asiyeoa, mwenye kofia bapa na ulimi mrefu. Aliinunua kwenye maonyesho ya sarafu miaka thelathini iliyopita. Tangu hapo aliibeba kwenye bahasha ndogo katika mfuko wa kizibao chake, na kila mwaka klabu ilipopanga meza za maonyesho, Thelma akatoa ule ubao wa baba yake wenye pengo, Cuthbert alikuja kusimama mbele yake.

"Ichukue, bibie. Kwa bei niliyonunulia."

"Sinunui."

"Basi ichukue bure."

"Sipokei sadaka. Halafu yenyewe feki."

"Feki? Hujawahi hata kuishika!"

"Sihitaji kushika. Nikikutazama wewe naona mtu aliyeuziwa feki."

Wanaklabu walicheka kila mwaka kwa maneno yale yale. Ukweli ni kwamba Thelma hakutaka kuishika kwa sababu alijijua. Akiishika ataitaka. Na ukweli mwingine ni kwamba mwaka ule wa 1905 ndio unaopendwa na waghushi kuliko yote, na Cuthbert hakuwahi kuipeleka kwa mtu yeyote aipime. Alisema hana haja. Thelma alijua anaogopa.

Aprili iliyopita, Kirsty, binti wa mdogo wake Thelma wa kiume, alijifungua mtoto wa kike wakamwita Edith. Thelma alikuwa amelazwa kubadilishiwa nyonga, na mpaka alipoweza kupanda ngazi za watu ilikuwa Juni. Alikwenda na fimbo yake na mkoba wake. Ndani ya mkoba, katika karatasi laini, alibeba nusu-krauni ya 1906, ya ziada, imechakaa vizuri, zawadi inayomfaa kitukuu wa mwenye bucha.

"Shangazi! Karibu, karibu. Polepole tu, nimetoka kumlaza sasa hivi."

"Sijaja kumwamsha, nimekuja kumwona. Anafanana na nani?"

"Wanasema na baba yake."

"Maskini. Atabadilika."

Kirsty alicheka akamwekea kiti karibu na kigari. Mtoto alikuwa mwekundu, mnene, amekunja ngumi mbili kifuani. Thelma alimtazama kwa adabu muda unaotosha, kisha macho yake yakahamia kwenye bakuli la kaure lililokuwa juu ya kabati, kando ya kopo la biskuti.

"Nilijua," Kirsty alisema, akaliteremsha na kumwekea mezani. "Haya mtaalamu, niambie. Nimezaa tajiri au maskini? Mimi natia maji birikani."

Thelma alizimwaga mezani kama baba yake alivyozimwaga. Pauni, pauni, peni hamsini zenye pembe. Shilingi ya mwaka arobaini na nane. "Hii haina fedha hata chembe!" aliita kuelekea jikoni. "Nikeli tupu! Nani huyu amemdanganya mtoto?" Sarafu mbili nzuri za peni sita. Kisha akageuza sarafu pana iliyolala uso wa mfalme juu, akaona ngao ya nusu-krauni, akaona mwaka: 1905.

Hakufurahi. Miaka yote ile ilikuwa imemfundisha kutofurahi kwanza. Feki, alijiambia, akatoa lenzi yake mkobani akaanza kazi. Alianzia ukingoni, maana wanaomimina sarafu kwenye kalibu huacha mstari mwembamba pale nusu mbili zinapokutana, hata waupige tupa vipi. Alizungusha mpaka alipoanzia. Hapakuwa na mstari. Akaenda kwenye ile tarakimu tano, kwa sababu wapo wanaochonga mwaka mwingine ukawa huu. Tano ilikuwa imekaa sawa na wenzake, imechakaa sawa na wenzake, na fedha iliyoizunguka haikukwanguliwa. Mizani ya Kirsty ya kupimia unga ilikuwa hapo mezani. Gramu kumi na nne kasoro kidogo, na kile kilichokosekana kilikuwa kimebaki mifukoni mwa watu. Mwisho aliiweka juu ya ncha ya kidole, akaigonga kwa kijiko cha chai. Ililia mlio mwembamba, mrefu, ambao mimi na wewe tungesema ni mlio tu.

Edith alijinyoosha usingizini. Thelma aliweka kijiko chini taratibu. Ilikuwa ya kweli.

Sasa nisimpambe. Nusu-krauni ya 1906 ilikuwa mkobani, mfalme yule yule, upana ule ule, uchakavu karibu ule ule. Jikoni birika lilikuwa linavuma. Kirsty asingetambua mpaka kufa. Mtoto ndiye kabisa. Thelma aliitoa ile ya 1906 kwenye karatasi akaishika mkono wa kushoto, na ile ya 1905 mkono wa kulia, akakaa hivyo, mwanamke wa miaka sabini na sita, kama mwizi wa kuku. Aliona gogo la baba yake. Aliliona lile tundu. Alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia ila aliyelala, "Haikuja kwangu." Akairudisha ile ya kulia bakulini, na ile ya kushoto akaisukuma mkobani kwa hasira.

Kirsty aliporudi na chai alimkuta amekaa wima kama yuko mahakamani.

"Hii moja iweke mbali na zingine," Thelma alimwambia. "Ifunge, ifiche. Usimruhusu mtu aisafishe. Ndiyo ile."

"Ile ipi?" Kirsty aliuliza, kisha akaketi ghafla. Alikuwa amelijua lile tundu tangu akiwa mtoto. "Ile? Shangazi, si uichukue! Chukua sasa hivi. Mtoto wa miezi miwili ataifanyia nini?"

"Fedha ya mtoto haichukuliwi."

"Mimi mama yake nakupa."

"Wewe huna cha kunipa. Si yako." Alikunywa chai, ikamuunguza ulimi, akaendelea kunywa. "Nani aliileta?"

"Walikuja wengi. Hiyo kubwa... ngoja. Hiyo aliileta yule mzee wa klabu yenu. Mwenye kofia. Alileta na pai ya nyama. Alimtia mtoto mkononi, akaniambia, 'Hakikisha shangazi yako anatazama bakuli.' Nikadhani mzee anajisemea tu."

Thelma alisimama haraka mno kwa mtu mwenye nyonga mpya. Aliaga kwa sauti ya juu, mtoto akaamka akaanza kulia, na mlango ukajibamiza nyuma yake. Kirsty alibaki na mtoto begani akitafakari jambo geni. Shangazi Thelma, mshika mila kuliko watu wote, alikuwa ameondoka bila kumtia mtoto fedha.

Cuthbert alikuwa kwenye kibustani chake cha kukodi nyuma ya reli ya zamani, amepiga magoti kwenye mfereji wa vitunguu liki vyake. Huko watu hushindana kwa liki kila Septemba, na mwenye liki nono huheshimiwa kuliko diwani. Alisikia fimbo ikigonga kokoto kabla hajamwona mwenyewe.

"Usinikanyagie liki, bibie!"

"Nitakukanyaga wewe! Umefanya nini, Cuthbert?"

"Nimemwagilia maji."

"Kwenye bakuli la mtoto!"

"Aa." Alinyanyuka kwa shida, akajipangusa magoti, na uso wake wote ukachanua. "Umeiona. Sasa niambie una sababu gani tena. Nilikuuzia, ukasema hununui. Nilikupa, ukasema hupokei sadaka. Ukasema lazima ipite mikononi mwa watu. Haya, nimeipitisha mikononi mwa watu!"

"Umeipitisha mkononi mwa mtoto mchanga!"

"Mtoto mchanga naye si mtu?"

"We mzee, huna mama wewe? Hukufundishwa? Fedha ya mtoto hairudi! Haichukuliwi, haibadilishwi! Mpaka akue!"

Cuthbert alikuwa amepanga jambo hili tangu majira ya baridi, kila kipengele, mpaka pai. Lakini alikuwa mwanamume asiyeoa, na katika nyumba za watu wenye watoto alikuwa ameishia mlangoni na barua. Alilijua sharti hilo kama mtu anavyojua maneno ya wimbo asiouimba. Halikumjia kichwani hata mara moja.

"Kwa hiyo imekwenda," alisema.

"Imekwenda."

"Ya Edith."

"Ya Edith."

Alijikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa akavua kofia. Thelma alikuwa amekuja na matusi mengine mengi, ya kutosha kumpeleka mpaka jioni, lakini alipouona upara wake ukiwa wazi kwenye jua aliyameza.

"Kwa nini mwaka huu?" alimuuliza. "Miaka thelathini umeniringishia. Kwa nini mwaka huu?"

"Macho," Cuthbert alisema. "Yananiacha, Thelma. Wamenichoma sindano, wapi. Krismasi niliitoa kwenye bahasha nikashindwa kusoma ile tano. Nikasema, kabla giza halijaja kabisa, nilione lile tundu limejaa. Mimi nimelichoka kuliko wewe." Alizungusha kofia mikononi. "Uliipima?"

"Niliipima."

"Na?"

Miaka thelathini alikuwa amemwambia feki, mbele za watu, wakacheka. Angeweza kumwambia tena, akamwachia walau faraja kwamba amepoteza kitu kisicho na thamani. Thelma hakuwa mtu wa faraja za namna hiyo.

"Ya kweli," alisema. "Ukingo, mwaka, uzito, mlio. Ya kweli tupu, mjinga wewe."

Cuthbert alianza kucheka, kisha macho yake mabovu yakajaa machozi, akacheka nayo vilevile. Thelma alimpenda sana wakati ule, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya jambo hilo alimwambia liki zake ni nyembamba mwaka huu. Akageuka akaenda nyumbani.

Usiku huo aliuweka ubao wa baba yake juu ya meza akautazama. Sharti lilisema isinunuliwe. Lilisema ije yenyewe, mkono kwa mkono. Na ilikuwa imekuja, hilo hakuna wa kubisha, kutoka kizibao cha mzee mpumbavu mpaka ngumi ya mtoto. Ilikuwa imekuja mpaka hatua moja tu kutoka kwake, katika damu ya Wilf Raine, ikasimama hapo, na haikuwa na mguu wa kutembea zaidi. Alikaa muda mrefu. Alilia kidogo, na hakuna aibu, kwa kuwa alishaamua na uamuzi ulimuuma. Kisha akatafuta kitambaa kisafi akaufunga ubao.

Jumapili baada ya ibada alimpitia Cuthbert, akamshika kiwiko kumvusha barabara ingawa yeye mwenyewe ndiye mwenye fimbo, na wote wawili wakagonga mlangoni kwa Kirsty.

"Juzi niliondoka sijampa mtoto fedha yake," Thelma alisema kabla hajakaribishwa. "Nimekuja kumpa."

Alifungua kitambaa mezani. Nusu-krauni nane zilikuwa zimelala kwenye vitanda vyake vya kijani.

Kirsty aliweka mkono mdomoni. "Shangazi, hapana. Haya ni maisha yako yote."

"Si maisha yangu yote. Ni matundu tisa. Maisha yangu yalikuwa na mambo mengine, mengi yake ya hovyo. Sarafu haiwezi kuchukuliwa kwa mtoto. Sawa. Basi ubao uende kwa mtoto. Kuna sheria inayokataza? Cuthbert, ipo?"

"Mimi usiniulize sheria," Cuthbert alisema. "Safari iliyopita nilidhani najua sheria, unaona nilipofikia."

Kirsty aliileta ile ya 1905 kutoka ilikofichwa. Alimnyooshea shangazi yake aiweke, na Thelma akakataa tena. "Yake. Aiweke mwenyewe." Akampakata Edith juu ya mapaja, ubao mbele yao, akamtia sarafu kiganjani, akauongoza ule mkono mnene mpaka juu ya tundu la nne.

Edith aliikamata. Aliikamata kwa vidole vyote vitano, akakunja uso, akagoma.

"Bahili huyu," Cuthbert alisema.

"Achia, mama," Kirsty alibembeleza. "Achia kidogo tu."

Alijaribu kumfungua kidole kimoja, lakini Thelma alimpiga kofi dogo mkononi. "Muache. Hakuna kumnyang'anya. Mimi kusubiri nimeshazoea."

Basi wakasubiri, watu wazima watatu wameinamia ngumi moja. Chai ilipoa. Kirsty alikaa sakafuni. Cuthbert alisogeza kiti karibu, kisha karibu zaidi, akikodoa macho kwenye ukungu wake. Mkono wa Thelma ulikufa ganzi chini ya ule mdogo na hakuutikisa. Hatimaye kope za Edith zililegea, kichwa kikaegemea kifua cha shangazi, na vidole vikaanza kufunguka kimoja kimoja. Palisikika mlio mdogo wa fedha ikigusa ukingo wa tundu.

"Imeingia?" Cuthbert aliuliza. "Thelma, imeingia? Sioni."

Thelma alikishika kidole cha Cuthbert kikavu cha kupangia barua akakiweka juu ya sarafu ya kwanza, akakivuta polepole kwenye mstari wa baba yake, moja, mbili, tatu, na kidole kikaendelea mpaka mwisho bila kuzama popote.